Niliyageuza mayai ya geko kama ya kuku. Je, nimeyaua?

Swali: Kaka, salamu kutoka Birmingham. Mwanangu ana miaka kumi na miwili, anafuga geko chui wawili ambao muuzaji alituambia wote ni majike. Jumamosi asubuhi tulikuta mayai mawili meupe kwenye udongo wa kiboksi chao. Mimi nimekulia Tanga, na marehemu baba mdogo alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, kwa hiyo nikafanya ninachokijua: nikayaweka kwenye pamba ndani ya bakuli, nikaandika X upande mmoja na O upande wa pili, nikaliweka bakuli kando ya hita ya ukutani, nikawa nayageuza asubuhi na jioni. Leo ni siku ya nne. Yote mawili yamebonyea, na moja limeanza kuwa la manjano. Mume wangu anasema tutupe, mtoto analia. Nimeyaua? Na kama bado, nifanye nini?

Jibu: Dada, usiyatupe. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kayatoe kando ya hita. Yainue hivyo hivyo yalivyolala, upande ulio juu ubaki juu, na kuanzia sasa usiyageuze tena. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko, hata la aiskrimu linafaa. Tandika humo tishu za jikoni ulizozilowesha kwa maji ya vuguvugu kisha ukazikamua mpaka zisidondoke, uyalaze mayai juu yake, ufunike, uliweke kopo kabatini. Nyuzi 22 au 24 kwa usiku mmoja haziyadhuru mayai ya geko. Hita ya ukutani ndiyo inayoweza kuyapika kwa saa chache tu. Ukishamaliza, rudi tuzungumze taratibu.

Tuanze na kubonyea, maana hilo ndilo lenye tiba ya haraka. Kila aliyekulia pwani amewahi kusogeza kabati au kushusha picha ukutani akakuta vijiyai viwili vyeupe, vigumu, vimenata pale. Hivyo ni vya mjusi wa ndani, yule tunayemwita mjusi kafiri. Ganda lake ni la chokaa. Likishakauka limefunga, na maji yaliyomo ndani yanamtosha mtoto mpaka atoke, ndiyo maana mayai hayo huanguliwa hata nyuma ya fremu ya picha pasipo na tone la unyevu. Geko chui ni mjusi mwingine kabisa. Asili yake ni nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, ana kope zinazofumba, hawezi kupanda ukuta, na jike huyafukia mayai yake mahali penye ubichi. Ganda la yai lake ni laini kama ngozi iliyotengenezwa. Yai hilo hunywa maji kutoka ardhini. Linatagwa likiwa na gramu tatu hivi, na likiwa zima linavimba na kuongezeka uzito kadiri wiki zinavyokwenda. Ukiliweka pakavu, maji yanatoka badala ya kuingia. Pamba yako, tena kando ya hita, imeyakausha.

Yai lililobonyea kwa ukavu wa siku tatu nne mara nyingi hujaa tena likipata unyevu, kwa siku moja au mbili tu. Nimewahi kuona yai lenye bonde la kulaza ncha ya kidole, kesho yake asubuhi limekuwa duara kama halikuwahi kuguswa. Kwa hiyo kesho jioni lifungue kopo utazame. Likishaanza kujaa, ujue lipo katika hali ya kupambana.

Sasa hilo la kugeuza, ambalo naona ndilo linalokuchoma moyo. Ulichofanya ni sahihi kabisa kwa kuku. Ukivunja yai la kuku kwenye bakuli unaona viuzi viwili vyeupe vya ute mzito, kimoja kila upande wa kiini. Hivyo ndivyo vinavyokishikilia kiini katikati, na kuku anayeatamia huyasukumasukuma mayai yake mara nyingi kwa siku ili kifaranga asigande kwenye ganda. Mayai ya mjusi, kobe na nyoka hayana viuzi hivyo. Yakishatagwa, kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, hupanda upande wa juu, na utando wake hujishika kwenye ganda. Kule kwa kuku kugandana ni ajali. Huku ndiko kunakokiwezesha kiinitete kupumua. Ukilipindua yai baada ya hapo, ama utando unachanika, ama kiini chote kizito kinakuja juu ya kiinitete na kukikandamiza. Sisi tunaototolesha reptilia hatuna X wala O. Tuna nukta moja ya penseli, inayowekwa juu ya yai kabla halijatolewa kwenye shimo lake, na nukta hiyo inabaki juu mpaka siku ya mwisho.

Umeyaua? Saa 24 za kwanza kiinitete hakijashikana sawasawa, kwa hiyo mageuzo ya Jumamosi huenda hayakuharibu kitu. Ya Jumapili na kuendelea yana hatari, sitakuficha. Lakini niliwahi kuletewa mayai manne ya geko yaliyosafiri kwenye mkoba, yamebingirika njia nzima, mwenyewe hajui lipi lilikuwa juu lipi chini, na mawili kati yake yalitoa watoto wazima. Ningekuwa wewe ningeyahudumia mayai haya kama yaliyo hai mpaka yenyewe yaseme vingine.

Na yana namna ya kusema. Kesho usiku, yakishajaa, zima taa za chumbani, chukua tochi ndogo ya LED, umulike kutokea chini ya kopo bila kuligusa yai. Kopo likiwa halipitishi mwanga, sogeza ncha ya tochi karibu na ubavu wa yai kwa sekunde mbili tatu. Yai lenye mbegu linawaka rangi ya waridi, na ndani yake utaona doa jekundu au duara lenye mishipa myembamba iliyotawanyika kama mizizi ya mchicha. Yai lisilo na mbegu linawaka njano tupu. Mwite mwanao aone. Ukiliona doa jekundu na likawa ubavuni au chini, huo ndio mgeuzo pekee ninaokuruhusu: lizungushe yai polepole mpaka doa lije juu, tia nukta ya penseli hapo, basi. Usipoliona, liache lilivyo. Siku ya tano bado ni mapema kwa macho ambayo hayajazoea, kwa hivyo rudia siku ya kumi na ya kumi na nne kabla hujakata shauri.

Lile la manjano, kwa uzoefu wangu, huenda ni yai viza tangu mwanzo. Geko kijana anayetaga kwa mara ya kwanza mara nyingi hutoa moja zima na moja lisilo na mbegu, na lisilo na mbegu huwahi kuwa la manjano, laini na lenye kubonyea. Lakini yai zima lililokauka nalo hubadilika rangi. Mpe nafasi mume wako ya kuwa na haki, lakini baada ya wiki mbili. Lihamishe tu upande wa pili wa kopo ili likianza kuota ukungu lisimwambukize mwenzake. Kama yameshikana, usiyabandue hata kidogo; yaache yalivyo, pacha hivyo hivyo.

Tishu za jikoni ni za usiku mmoja. Kesho nenda duka la vifaa vya bustani ununue vamikulaiti, vile vipande vyepesi vinavyong'aa kama magamba ya samaki, ambavyo watu huchanganya na udongo wa maua. Hakikisha haijatiwa mbolea. Palaiti nayo inafaa, zile chembe nyeupe. Udongo wa shambani na mchanga achana nao, maana huwezi kujua una maji kiasi gani wala una wadudu gani. Pima kwa mizani ya jikoni gramu 50 za vamikulaiti kavu, kisha gramu 45 za maji, uchanganye kwa mkono kama anayechanganya unga wa vitumbua, mpaka kila chembe iwe imepata maji na hakuna dimbwi chini. Halafu chota ufumbate. Ukiachia ngumi, donge linatakiwa lishikamane, na kati ya vidole pasitoke hata tone. Likitoa tone, ongeza kavu kidogo. Likisambaratika mara moja, ongeza maji kijiko kimoja cha chai. Jaza kopo kina cha vidole vitatu hivi, bonyeza mashimo mawili kwa kidole gumba, ulaze mayai humo nusu ya mwili ikiwa imezama na nusu ikiwa juu. Toboa mfuniko matundu mawili matatu kwa sindano yenye moto. Yanatosha.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wafugaji wengi hulipuuza, nami nakuomba sana usilipuuze. Kopo likishakamilika, mayai ndani, mfuniko juu, lipime zima zima kwenye mizani na uandike uzito huo kwa kalamu ya wino mzito pembeni mwa kopo. Tuseme gramu 312. Kila Jumamosi lipime tena. Likiwa gramu 306, ujue maji ya gramu sita yametoka kama mvuke, nawe unarudisha gramu sita za maji ya vuguvugu kwa kudondoshea pembezoni, mbali na mayai, mpaka isome 312. Mayai yatakuwa yananyonya maji na kunenepa, lakini hayo hayatoki nje ya kopo, kwa hiyo hesabu haiharibiki. Hakuna kukisia kwa kidole, wala kunyunyizia kila siku. Mayai mengi ya nyumbani hayafi kwa kiu, yanakufa kwa huruma ya mwenye chupa ya kunyunyizia, ambaye kila akipita anapuliza kidogo. Yai lililozidiwa maji hutuna likawa kama puto, linang'aa, halafu siku moja linapasuka au linavuja. Kufungua mfuniko huko kwa Jumamosi ndiko pia kunakobadilisha hewa.

Joto sasa. Usiazime wala usinunue mashine ya kuku. Mashine ya kuku imetengenezwa kwa nyuzi 37 na nusu hivi, na nyingi zina kigeuzi kinachozungusha mayai chenyewe. Kwa geko chui nyuzi hizo ni kifo, na kigeuzi ni kifo cha pili. Unachohitaji ni nyuzi 28, zisizoyumba.

Boksi unaweza kulitengeneza mwenyewe jioni moja. Ombeni kwa muuza samaki lile boksi jeupe jepesi la kusafirishia samaki wa barafu, mlioshe vizuri. Weka matofali mawili chini, mimina maji yasifike juu ya matofali, ndani ya maji uweke hita ndogo ya tenki la samaki, iwe imezama yote. Juu ya matofali weka kopo la mayai. Maji yanapashwa, nayo yanapasha hewa taratibu, na uzito wa maji ndio unaozuia joto kupanda na kushuka ghafla. Hata umeme ukikatika saa mbili, boksi halipoi haraka. Mfuniko wa boksi uinamishe kidogo kwa kuweka kijiti upande mmoja, ili matone ya mvuke yateremke pembeni badala ya kudondokea kopo. Wengine hutumia mkeka wa joto badala ya maji. Nao unafaa, ila hauna ule utulivu wa maji.

Chochote utakachotumia, lazima kipite kwenye thamostati, kile kidhibiti chenye waya wenye ncha ya kupimia, kinachozima na kuwasha hita. Hita ya tenki ina swichi yake ndani, lakini hupima maji, haipimi mayai. Ncha ya thamostati ikae ubavuni mwa kopo la mayai. Na kipimajoto kingine, cha bei yoyote, kikae ndani ya kopo lenyewe, kisichohusiana na thamostati kwa lolote. Endesha boksi likiwa tupu siku nzima mchana na usiku kabla ya kuhamisha mayai, na uandike kinachosomeka asubuhi, mchana, na alfajiri nyumba inapokuwa baridi. Kikicheza kati ya 27 na 29, uko salama.

Nasisitiza hivi kwa sababu nilishalipa. Nilikuwa na mayai kumi na nane ya mjusi mwenye ndevu, yule wa Australia, yamefika siku ya 47, yote yamejaa, mekundu ndani. Asubuhi nilifungua boksi kufuta maji kwenye mfuniko, nikauvuta waya wa kipimio bila kuona. Ncha ikatoka nje, ikalala mezani. Kuanzia hapo thamostati ikawa inapima baridi ya chumba changu na kuiambia hita iendelee kuwaka. Niliporudi jioni kipimajoto kilisoma 39. Usiku ule niliyafungua yai moja baada ya jingine. Walikuwa wameshakamilika, kucha zimeota, magamba yana michoro yake, mikia imezunguka mwili mara moja na nusu. Tangu siku hiyo ncha ya thamostati naifunga kwenye kopo kwa gundi ya utepe, mizunguko mitatu, na kila nikifunga boksi nasimama dakika kumi nikisoma kipimajoto kabla sijaondoka. Fanya hivyo nawe. Baridi kidogo huchelewesha tu, ila joto likizidi halikupi nafasi ya pili.

Utauliza kwa nini 28 na si 26 au 32, kwani vitabu vinataja zote. Ni kwa sababu kwenye geko chui, joto la yai ndilo linaloamua jinsia ya mtoto. Mayai yaliyokaa nyuzi 26 hutoa majike karibu matupu. Kwenye 32 na nusu hivi, walio wengi ni madume. Ukipanda tena hadi 34 wanarudi kuwa majike, na majike hao wa joto kali hujulikana kwa ukali na wengi huwa wazito kuzaa. Jambo hili la joto kuamua jinsia liligunduliwa hapa Afrika: mwaka 1966 Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar, Senegal, alichapisha kwamba mayai ya mjusi agama yanatoa jinsia tofauti kulingana na joto yanamokaa. Agama huyo ni ndugu wa mjusi wa mawe wa Mwanza na Serengeti, ambaye dume lake lina kichwa cha rangi ya waridi na mwili wa buluu na huchezesha kichwa juu ya jiwe kama anayesalimia. Baadaye ikaonekana kwa kobe wengi, kwa kasa wote na kwa mamba. Sio reptilia wote lakini. Chatu na nyoka kwa jumla jinsia yao imo kwenye kromosomu tangu mwanzo, na yule mwenye ndevu wa Australia ana kromosomu za jinsia, ila akipashwa kupita nyuzi 32, wenye kromosomu za kiume huanza kuzaliwa majike.

Kwako 28 inamaanisha utapata majike kwa uwezekano mkubwa, watoto wenye nguvu, na nafasi ya makosa pande zote mbili. Madume wawili wa geko chui hawawezi kukaa pamoja, wanaumana mpaka kutoana damu, kwa hiyo majike ni nafuu kwa familia. Jinsia huamuliwa wiki za mwanzo, na siku zenu chache zimeshapita kando ya hita, kwa hiyo usishangae ukikuta vingine.

Hesabu siku 50 kutoka Jumamosi ile ya kwanza na uzungushie kalendani. Kwa nyuzi 28 wengi hutoka kati ya siku ya 50 na ya 65. Kukiwa na baridi zaidi hufika hata 75. Katikati ya safari hakuna la kufanya zaidi ya mizani ya Jumamosi na kumulika mara moja kila wiki mbili, mwanao aone kivuli kikikua mpaka yai lote linakuwa jeusi ndani. Ukungu kidogo juu ya ganda ufute kwa pamba kavu, bila kuzungusha. Yai lililokufa utalijua bila kuuliza: linaporomoka, linaota manyoya ya ukungu, na linanuka. Lisiponuka, liache. Nimeona mayai ya rangi mbaya kabisa, yenye madoa ya kahawia, yakitoa mtoto mzuri siku ya 61.

Karibu na mwisho yai linaweza kubonyea tena, na safari hii usiogope wala usiongeze maji. Mtoto amemaliza nafasi na maji ya ndani yanapungua. Matone kama jasho hutokea juu ya ganda, halafu ndani ya siku moja au mbili utaona mpasuko mwembamba kama wa wembe. Mtoto ana vijino viwili vya kukatia yai mbele ya taya la juu, vitaanguka vyenyewe. Atatoa pua, atapumzika. Anaweza kukaa hivyo saa nyingi, hata usiku mzima, kichwa nje na mwili ndani, nawe utashawishika kumsaidia. Usimvute. Tumboni bado kuna mfuko wa kiini unaoendelea kufyonzwa, pamoja na mishipa ya damu iliyoungana na ganda; ukimvuta, inakatika na anatoka damu. Akishatoka mwenyewe na kitovu kimefunga, ndipo umhamishie kwenye kopo lake lenye tishu mbichi za jikoni, kipango cha kujificha na kisahani cha maji kisichozidi kina cha kifuniko cha chupa. Kila mtoto na kopo lake, maana hata ndugu huumana mikia. Atakuwa na urefu wa kama sentimita 8, mistari ya manjano na nyeusi badala ya madoa, na atapiga ukelele mkali ukimgusa. Hiyo ni kawaida.

Siku tatu nne za mwanzo hatakula. Anaishi kwa kiini kilichobaki, kisha atajivua ngozi na kuila, na baada ya hapo ndipo atataka nyenje wadogo, wasiozidi upana wa kati ya macho yake, waliopakwa unga wa kalsiamu. Mchanga usiweke, watoto huumeza na kuziba utumbo. Na mwanao aoshe mikono kwa sabuni kila akiwagusa, maana reptilia wengi hubeba salmonela bila kuugua wenyewe. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, asiwaguse kabisa.

Nimeliacha mwisho la wale wakubwa, lakini litahitaji hatua yako leo leo. Mmoja wa hao "majike" huenda ni dume. Mweke kila mmoja kwenye kopo linaloonyesha chini, umtazame tumboni, mbele kidogo ya tundu la haja: dume ana mstari wa vitundu vya rangi ya nta uliopinda kama herufi V, na nyuma ya tundu, shinani mwa mkia, ana mafundo mawili yaliyovimba. Watenganishe. Hata ukiwatenganisha, jike huenda ameshahifadhi mbegu mwilini, na anaweza kuendelea kutaga mawili mawili kila baada ya wiki mbili hadi nne kwa miezi kadhaa. Sasa kaeni kama familia mwamue. Geko chui anaishi miaka 15, wengine hupita 20. Mkiona hamna nafasi, wala hamna jamaa wa kuwapa, mayai yanayofuata yawekeni kwenye friza siku ile ile yanapotagwa, kabla kiinitete hakijaanza kukua. Kuyafanyia hivyo si ukatili. Ukatili ni kutotoa kumi na wawili halafu kuwatafutia watu wasiojua kuwatunza. Kuwagawia marafiki hakuna shida kisheria hapo ulipo, ila mkianza kuuza kama biashara England mtahitaji leseni ya halmashauri.

Na wasomaji wa nyumbani mtakaotamani kujaribu kwa mayai ya kobe mliyoyaokota porini: hao ni wanyamapori. Tanzania wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya na sheria ya 2013, na kuwaweka nyumbani bila kibali ni kosa. Kobe wa mawe, yule bapa kama chapati anayeishi kwenye nyufa za miamba ya Tanzania na Kenya, hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa wakati, na aliokotwa mpaka mwaka 2019 akawekwa kwenye daraja la ulinzi wa juu kabisa wa biashara ya kimataifa. Yai lake liacheni ardhini.

Dada, jike wako naye umtazame usiku huu. Kutaga kumemchota kalsiamu. Wapake nyenje wake unga wa kalsiamu wenye vitamini D3 na umwongezee chakula. Mwekee pia kiboksi chenye mfuniko na tundu la kuingilia, ndani kina vamikulaiti mbichi, joto mwanana, ili matagio yajayo ayafukie humo badala ya kwenye udongo mkavu. Ukimuona anachimba siku mbili tatu bila kutaga, tumbo limejaa, halafu analegea au mikono inatetemeka, usisubiri jibu langu, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayetibu reptilia siku hiyo hiyo.